Taa za mbele za gari: maswali ambayo madereva wa Tabora na Kigoma huuliza mara kwa mara

Usiku, barabara ya Tabora kwenda Kigoma kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza inapita katikati ya miombo, na sehemu kubwa ya safari hakuna mwanga mwingine zaidi ya ule wa gari lako. Humo gizani kuna baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa bila hata rifleta, ng'ombe wanaovuka, na lori la tumbaku lililokatika ekseli likiwa limewekewa matawi mawili ya mti kama onyo. Kazi ya umeme wa magari imenifundisha kwamba wengi wanaolalamika "taa haioni" hawana tatizo la balbu. Wana tatizo la waya, la lenzi, au la taa iliyolengwa vibaya. Majibu haya ni kwa ajili yao, na pia kwa ajili ya wale wanaokutana nao barabarani.

Fundi, taa moja imezima. Nianzie wapi?

Kwanza washa dimu (mwanga wa chini), kisha fulu (mwanga wa juu), uangalie. Balbu aina ya H4, ambayo ipo kwenye magari mengi tunayoendesha huku, ina nyuzi mbili ndani: moja ya dimu, nyingine ya fulu. Ikiwa dimu imekufa na fulu inawaka upande uleule, uzi mmoja umekatika. Nunua balbu.

Ikiwa upande mmoja umezima wote, toa balbu hiyo uihamishie upande unaowaka. Ikiwaka huko, balbu ni nzima na shida iko kwenye fyuzi, soketi au arthi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Toyota nyingi zina fyuzi mbili za taa kubwa, ya kushoto na ya kulia, na kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi zimeandikwa HEAD LH na HEAD RH. Zipo kwenye boksi lililo chini ya boneti, mara nyingi karibu na betri.

Pande zote mbili zikizima dimu kwa pamoja, usikimbilie balbu. Mara chache sana balbu mbili hufa dakika moja. Angalia relei (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi ya kwenye usukani na arthi.

Nitajuaje balbu inayoingia kwenye gari langu?

Soma maandishi kwenye kitako cha balbu ya zamani. Utaona H4, H7, H11, HB3 au HB4, pamoja na volti na wati. H4 ya gari dogo ni 12V 60/55W: wati 60 za fulu, wati 55 za dimu. H7 na H11 ni wati 55, kila moja ina uzi mmoja tu, kwa hiyo gari la namna hiyo lina balbu tofauti za dimu na fulu.

Fuso, Scania na malori mengine makubwa yanatumia 24V, na H4 yake ni 75/70W. Balbu ya 24V ukiiweka kwenye gari la 12V itawaka hafifu kama mshumaa. Ya 12V ukiiweka kwenye lori, itakufa papo hapo. Dukani balbu hizi zinafanana kabisa, hivyo soma mwenyewe kabla ya kulipa.

Naweza kubadilisha mwenyewe bila fundi?

Unaweza, hasa H4. Zima taa, acha balbu ipoe, fungua boneti. Chomoa plagi yenye pini tatu nyuma ya taa kwa kushika plagi yenyewe, usivute waya. Vua kipira cha kuzuia maji. Bana kile kibanio cha waya, kisukume pembeni, balbu itatoka.

Kitako cha H4 kina masikio matatu, na balbu inakaa kwa namna moja tu. Hapa ndipo watu wengi huharibu: balbu ikikaa upande kidogo, kibanio bado kinaweza kufunga, na taa ikawaka vizuri tu lakini ikaangaza juu ya miti. Hakikisha masikio yote yamelala kwenye nafasi zake kabla ya kufunga.

Usishike kioo cha balbu kwa vidole. Kioo cha halojeni, yaani balbu hizi za kawaida zenye uzi ndani, hufikia joto kali mno, na mafuta ya ngozi yako yaliyobaki juu yake hufanya sehemu hiyo ipate joto kuliko nyingine, hadi kioo kivimbe au kipasuke. Ukigusa kwa bahati mbaya, futa kwa kitambaa safi chenye spiriti. Na ukirudisha kipira, kibane hadi kikae vizuri pande zote. Kipira kilicholegea ndicho kinachoingiza vumbi la Tabora ndani ya taa, na vumbi hilo likishalala kwenye rifleta (bakuli la ndani linalong'aa na kurudisha mwanga mbele) huwezi kulifuta bila kukwaruza ule ung'aavu wake.

Kwa nini fundi ananiambia nibadilishe zote mbili wakati imekufa moja?

Kwa sababu zimewaka saa zilezile. Halojeni huishi saa mia kadhaa hadi kama elfu moja kutegemea aina, na inapozeeka mwanga wake unapungua kabla haijafa. Ukiweka mpya upande mmoja, upande wa pili utaonekana hafifu na utakufa si muda mrefu. Ile nzima iliyobaki iweke kwenye droo ya gari iwe akiba.

Nimeweka balbu mpya za bei, lakini mwanga bado ni hafifu. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana jibu lake huwaokolea watu fedha nyingi.

Mwanga wa halojeni unaanguka haraka kuliko umeme unaoupata. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Gari linaweza kuwa na betri nzuri na altaneta nzuri, lakini umeme ukapotea njiani kwenye swichi iliyochoka, plagi yenye kutu, au arthi iliyofungwa kwenye bati lililopakwa rangi.

Kupima ni rahisi. Washa injini, washa dimu, chukua mita. Kwenye betri usome volti 13.8 hadi 14.4. Kisha pima nyuma ya plagi ya balbu ikiwa imechomekwa na inawaka. Tofauti isizidi nusu volti. Ukikuta kwenye betri ni 14 na kwenye balbu ni 12, volti mbili zinapotea kama joto mahali fulani, na balbu ya bei yoyote haitakusaidia.

Kujua zinapotelea wapi, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye pini ya balbu inayopokea umeme. Halafu pima kutoka pini ya arthi hadi hasi ya betri. Upande utakaosoma volti nyingi ndio wenye ugonjwa. Huku kwetu, mara nyingi ni arthi. Fungua ule mkia wa waya uliofungwa kwa bolti karibu na taa, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, funga, paka grisi kidogo. Kazi ya nusu saa.

Jambo moja la kuwa nalo makini: Toyota nyingi za zamani, Hilux na Land Cruiser zikiwemo, hazikati umeme upande wa chanya. Chanya iko kwenye balbu muda wote taa zikiwa zimewashwa, na swichi ndiyo inayochagua arthi ya dimu au ya fulu. Fundi asiyejua hili atakata waya sehemu isiyo na kosa.

Ikiwa waya ni wa zamani na mwembamba, dawa ya kudumu ni kufunga relei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, zichukue umeme moja kwa moja kutoka betri kwa waya mnene, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri. Swichi ya zamani ibaki kuamrisha relei tu. Gari lileile, balbu zilezile za wati 60/55, na mwenye gari atakuuliza umeweka nini.

Vipi balbu za 100/90W? Si zina nguvu zaidi?

Zina nguvu, na zinakula soketi. Uzi wa wati 60 unavuta ampea 5. Wa wati 100 unavuta zaidi ya 8, kwenye waya na swichi ambavyo havikutengenezwa kwa mzigo huo. Gari la namna hii ukilifungua unakuta soketi imegeuka rangi ya kahawia, pini moja imezama ndani ya plastiki iliyoyeyuka, na waya umekakamaa kiasi kwamba ukiukunja ganda linavunjika vipandevipande. Harufu yake unaisikia kabla hujavua kipira. Rifleta nayo huungua juu ya balbu, ikawa na doa jeusi ambalo halitoki. Fyuzi inaweza isikatike, hasa kama mtu alishaweka kubwa zaidi "ili isisumbue". Hapo gari liko njiani kuungua.

Ukitaka mwanga zaidi, rudi kwenye jibu lililotangulia.

Balbu zangu zinaungua kila mara. Tatizo ni ubora tu?

Balbu za bei ya chini sana zipo sokoni na zinakufa mapema, ni kweli. Lakini pima chaji kwanza. Altaneta ikitoa zaidi ya volti 15, rekuleta (kidhibiti cha chaji) imeharibika: hapo balbu zitaendelea kufa, na betri itachemka. Mtikisiko nao unaua. Anayepita kila siku barabara za vumbi za vijijini Sikonge au Kibondo aangalie kama taa nzima inacheza ukiisukuma kwa mkono. Vibanio vya plastiki nyuma ya taa vikivunjika, uzi wa balbu unapigwa siku nzima.

Lenzi zimekuwa njano na zina ukungu. Dawa ya meno inasaidia?

Kwa siku chache. Lenzi za siku hizi ni plastiki ngumu aina ya polikaboneti, na kiwandani hupakwa safu ya kuikinga na mionzi ya jua. Safu hiyo ikishaliwa na jua letu, plastiki inaanza kugeuka njano. Dawa ya meno ina chembechembe za kusugua, kwa hiyo inaondoa ukungu wa juu, lakini hairudishi kinga. Wengine hupaka dawa ya mbu yenye DEET. Hiyo huyeyusha uso wa plastiki, unang'aa kidogo, kisha unakuwa mbaya kuliko mwanzo. Msipake.

Kazi ya kweli ni hii. Osha taa, zungushia seloteki ya karatasi ili rangi ya bodi isikwaruzwe. Piga msasa wa maji namba 800 kama hali ni mbaya, kisha 1000, 1500, na 2000, kila mara ukimwagia maji na ukisugua hadi mikwaruzo ya msasa uliotangulia iishe. Lenzi itakuwa nyeupe kama maziwa, usiogope. Malizia kwa polishi na kitambaa laini. Halafu, na hili ndilo linalorukwa, paka laki angavu yenye kinga ya jua. Bila laki, njano inarudi mapema, tena haraka kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa plastiki iko uchi. Ukimlipa fundi wa kung'arisha taa, muulize atapaka laki gani kabla hujamwachia gari.

Njano iliyo upande wa ndani, na nyufa ndogondogo zinazoonekana kama mtandao wa buibui ndani ya plastiki, haziondoki kwa msasa. Hapo tafuta taa nyingine.

Kuna maji ndani ya taa. Nitoboe tundu yatoke?

Hapana. Ukungu mwembamba baada ya kuosha gari au asubuhi ya mvua ni kawaida, na hupotea taa zikiwaka kwa muda. Taa zina vitundu vya kupumulia vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Angalia kama havijaziba kwa tope. Maji yanayosimama na kucheza ndani ni habari nyingine: lenzi imeachia gundi, kuna ufa, au kipira cha nyuma hakikai. Toa taa, ikaushe juani ikiwa wazi nyuma, tafuta ufa, ziba kwa gundi ya silikoni. Ukitoboa, umefungua mlango wa vumbi.

Naweza kuweka balbu za LED kwenye taa za halojeni?

Nitajibu kwa urefu kwa sababu hili linaumiza watu.

Taa ya halojeni imechongwa kuzunguka uzi mmoja mwembamba uliokaa mahali pamoja kwa kipimo cha milimita. Kwenye H4, chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiangukie nusu ya chini ya rifleta. Ndicho kinachokata mwanga usipande machoni mwa anayekuja. LED nyingi za sokoni zina chipu mbili zilizobandikwa ubavuni mwa ubapa wa aluminiamu, na umbo lake halilingani na uzi ule. Matokeo yake mwanga unatapakaa. Dereva anaona mbele ya bampa kumekuwa kweupe pe, anafurahi. Lakini mbali, pale ambapo mwenye baiskeli yupo, hakuna kilichoongezeka, na anayekuja mbele yake amepofuka.

Dereva aliyepofushwa na taa anaendelea kuendesha sekunde kadhaa bila kuona. Kwa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde ni mita 22. Wengi wetu tumewahi kupita mtembea kwa miguu bila kumwona, tukamwona kwenye kioo cha pembeni. Sitaki mtu yeyote awe huyo mtembea kwa miguu.

Nikiletewa gari ninapendekeza halojeni nzuri, arthi safi, lenzi iliyong'arishwa. Ukiamua LED hata hivyo, zijaribu ukutani kama nitakavyoeleza chini. Kama mstari wa dimu hauonekani wazi, zitoe. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED ni jambo lingine kabisa: taa hizo zilibuniwa hivyo.

Rangi nayo: halojeni ya kawaida ni kama Kelvini 3,200, ina umanjano kidogo. Balbu za rangi ya buluu hupata rangi hiyo kwa kupakwa kichujio kinachopunguza mwanga. Kwenye mvua na vumbi utaumia zaidi.

Na taa za zenoni?

Kama ndizo zilizokuja na gari, zitunze. Balbu zake huandikwa D2S, D2R, D4S au D4R, na D2 haiingiliani na D4 kwa sababu volti zake ni tofauti. Kuiwasha kunahitaji msukumo wa volti zipatazo 20,000 kutoka kwenye kifaa chake, kwa hiyo usifungue taa ikiwa imewashwa. Mpelekee fundi anayeijua.

Madereva wananipigia fulu wakati nimewasha dimu. Nifanyeje?

Taa zako zimeinuka. Tafuta ukuta na uwanja ulio sawa. Upepo wa matairi uwe sahihi, na mtu mmoja akae kwenye usukani. Sogeza gari karibu na ukuta, weka alama ya chaki kwenye ukuta usawa wa kitovu cha kila taa. Rudi nyuma mita 10. Washa dimu. Mstari unaotenganisha mwanga na giza uwe chini ya alama zako kwa sentimita 10 hivi, na upande wa kushoto mwanga uinuke kidogo. Kama umezidi, nyuma ya kila taa kuna skrubu za kurekebisha, kwa kawaida moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Zungusha kidogokidogo.

Mzigo hubadilisha kila kitu. Probox yenye magunia nyuma inainua pua, na taa zilizokuwa sawa zinaangaza angani. Kama gari lako lina kile kigurudumu chenye namba karibu na usukani, 0 ni kwa dereva peke yake. Ukipakia, ongeza namba ili mwanga ushuke.

Ndugu zangu wa Kigoma, Kasulu na Manyovu, kuna jambo lenu maalumu. Burundi na Kongo wanaendesha upande wa kulia. Taa iliyotengenezwa kwa barabara za namna hiyo inainua mwanga upande wa kulia, yaani kwetu inaupeleka moja kwa moja kwa anayekuja. Balbu ni ileile. Tofauti iko kwenye taa yenyewe, hivyo skrubu haziwezi kuiponya. Ukinunua taa iliyotumika iliyotolewa kwenye gari lenye usukani wa kushoto, ijaribu ukutani kabla ya kulipa.

Taa iliyotumika kutoka Japani au mpya ya kuiga?

Kama lenzi ya iliyotumika bado ni nzuri na vibanio vyote vipo, nachukua hiyo. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, na rifleta ya asili ina mstari safi. Nyingi za kuiga zinaonekana nzuri mchana lakini usiku mwanga wake una mabaka. Chomeka balbu, ielekeze ukutani hapohapo dukani.

Wakati wa kumbikumbi na vumbi nifanye nini?

Usisugue lenzi kavu. Vumbi letu ni mchanga, ni sawa na kupiga msasa. Lowesha kitambaa, kiache juu ya lenzi dakika chache hadi wadudu walegee, kisha futa kwa maji mengi. Safari ndefu ya usiku mvua za Novemba zinapoanza, simama katikati ya safari ufute. Na kama unaegesha karibu na ghala la mahindi, fungua boneti mara kwa mara: panya hupenda waya.

Trafiki anaweza kunikamata kwa taa moja mbovu?

Ndiyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe na taa zinazofanya kazi. Lakini hata asipokuwepo trafiki, gari lenye taa moja linaonekana kama bodaboda kwa mbali, na anayekuja anaweza kuliachia nafasi ya bodaboda tu.

Taa zote zimezima usiku katikati ya Kaliua na Uvinza. Nifanye nini?

Washa hazadi, punguza mwendo bila kukanyaga breki ghafla, toka barabarani kabisa. Weka pembetatu nyuma. Jaribu fulu: mara nyingi dimu ikifa fulu bado ipo, na unaweza kuziba nusu ya lenzi kwa seloteki ya karatasi ili kupunguza mwanga unaopofusha watu ukisogea taratibu hadi kituo cha karibu. Kisha fyuzi. Azima ya honi au ya kiyoyozi yenye ampea zilezile, usiweke kubwa zaidi. Relei ya honi nayo mara nyingi inafanana na ya taa. Linganisha namba na pini, badilisha. Usijaribu kufuata taa za basi lililo mbele. Likikata kona, umebaki gizani ukiwa na mwendo wake.

Kwenye droo weka balbu moja ya aina yako ikiwa ndani ya boksi lake, fyuzi za ampea 10 na 15, relei moja, tochi ya kuvaa kichwani, kipande cha msasa na kitambaa safi.